Fundi na Mwenye Nyumba Wapatane Mapema

Kila mwaka wakulima wakisha kuuza tumbaku na mpunga wao, vijiji vyetu vya Unyamwezi huamka kwa sauti za nyundo. Huyu aezeka, yule apiga lipu, mwingine aongeza chumba kwa ajili ya kijana wake. Ni jambo la kufurahisha. Lakini baada ya miezi miwili au mitatu husikika sauti nyingine, nayo ni ya ugomvi. "Fundi amekula fedha yangu!" "Mwenye nyumba amenidhulumu jasho langu!"

Mimi ni karani wa parokia. Kwa kuwa nalisomea ualimu, watu wengi huja kwangu niwaandikie barua ya kudai, au ya kujibu madai. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo, nyingine za mafundi, nyingine za wenye nyumba, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Watu walipatana bei, lakini hawakupatana kazi.

Kutengeneza nyumba ya zamani ni kugumu kuliko kujenga mpya, japokuwa wengi hudhani kinyume. Nyumba mpya yaonekana yote: kiwanja ni hiki, matofali ni haya, mbao ni zile. Nyumba ya zamani imeficha mambo yake ndani ya kuta na chini ya sakafu, na hakuna ajuaye yote mpaka nyundo ianze kugonga. Hapo ndipo fedha huongezeka, na fedha ikiongezeka bila kutazamiwa, watu huanza kutazamana kwa macho mabaya. Basi leo nawasimulia matengenezo ya nyumba ya mama yangu, tuliyoyafanya mwaka 2023. Si nyumba ya ajabu. Yafanana na nyumba zenu wengi.

Baba aliijenga mwaka 1984. Matofali yalifyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, yakachomwa kwa kuni, kisha yakajengwa kwa udongo, kwa maana miaka ile saruji ilikuwa adimu sana nchini. Ina vyumba vinne na paa la bati. Baba alifariki mwaka 2016, Mama akabaki humo. Masika ya mwaka 2023 yalipokwisha, bati zilikuwa zimeliwa na kutu hata waweza kuhesabu nyota usiku. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka toka pembe ya dirisha mpaka karibu na chini, ufa wa kuingia kidole. Mama alikuwa amehamishia kitanda chake sebuleni.

Sisi watoto wake tuko wanne. Tulichanga mwaka mzima, mdogo wetu akauza ng'ombe wawili, tukapata shilingi 3,400,000. Hiyo ndiyo ilikuwa fedha yote. Ikipotea, hapakuwa na nyingine mpaka mavuno ya mwaka unaofuata, na Mama angelala tena chini ya paa linalovuja. Ndugu zangu wakaniweka mimi niitunze na kuisimamia kazi.

Tukatafuta fundi. Makampuni ya makandarasi huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, lakini fundi mwashi wa kijijini hamo katika daftari hilo. Amejifunza kwa baba yake au kwa mjomba wake, na cheti chake ni kazi ya mikono yake. Kwa hiyo tulikwenda kuitazama kazi hiyo. Hatukwenda kwenye nyumba aliyoimaliza juzi, maana lipu ya juzi hupendeza yote. Tulikwenda kwenye nyumba mbili zilizokwisha kupita masika mawili, tukawauliza wenyeji: Je, alimaliza? Je, alirudi mlipomwita? Wakatujibu kuwa kazi yake ni safi, ila hukawia. Tukajua tunayempata ni mtu wa namna gani.

Fundi alipofika kwa Mama, alimwamkia, akakataa kiti, akazunguka nyumba. Nilidhani atatazama paa kwanza. La, alipiga magoti nyuma ya nyumba, akakwangua udongo chini ya ukuta kwa ncha ya mwiko.

"Mwalimu," akaniita, "bati linavuja, ni kweli. Lakini ugonjwa uko hapa. Maji ya paa yameanguka mahali hapa miaka yote hii, yamechimba, msingi umebaki uchi. Mkiezeka bati mpya bila kutengeneza hapa, mtakuwa mmemvika kofia mgonjwa wa miguu."

Kisha akafanya jambo ambalo kila mwenye nyumba yafaa alijue. Alikoroga saruji kidogo, akabandika vipande vitatu kama viganja, kimoja juu, kimoja kati, kimoja chini, kila kimoja kikivuka ufa toka upande huu hata upande huu. Akachora tarehe kwa msumari. "Tukutane baada ya siku 14," akasema. "Kipande kikipasuka, ukuta bado unatembea. Tukiuziba leo, tutakuwa tumepaka poda juu ya kidonda." Siku zilipotimia, vipande viwili vilikuwa vizima, bali cha chini kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Basi tukajua kazi ianzie kwenye msingi.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alitaka bati ziezekwe upesi. Nilimweleza habari ya kile kipande cha saruji, akakubali. Ushahidi wa macho hushinda maneno mengi.

Ndipo tulipokaa kupatana. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, yaani Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo. Lakini siku ya ugomvi, nani atathibitisha neno lililosemwa chini ya mwembe? Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nikachukua daftari la shule, nikaandika nakala mbili, moja yetu na moja ya fundi. Nikazisoma kwa sauti mbele ya Mama, mbele ya fundi na msaidizi wake, na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Tuliandika mambo matano.

Kwanza, kazi kwa jina na kwa kipimo. Hatukuandika "kutengeneza nyumba," maana neno hilo halina mwisho. Tuliandika: kuimarisha msingi wa ukuta wa nyuma kwa urefu wa mita 9, kubomoa na kujenga upya sehemu yenye ufa, kubadili bati zote na mbao zilizooza, kupiga lipu nje na ndani, kutandika mkanda wa zege chini ya michirizi, wenye kuinamia nje ili maji yaende mbali na ukuta.

Pili, vifaa. Fundi ataandika orodha, sisi tutanunua na kutunza risiti. Vitakavyobaki ni vya mwenye nyumba, na mifuko mitupu ya saruji itahesabiwa.

Tatu, ujira. Ufundi wote ni shilingi 600,000, pamoja na posho ya msaidizi. Atapewa 100,000 siku ya kuanza, 200,000 ukuta ukisimama, 200,000 paa likikamilika, na 100,000 za mwisho mvua ya kwanza ikisha kunyesha bila kuvuja.

Nne, jambo litakalozuka. Kikionekana kitu kilichokuwa kimefichika, fundi asikiguse kwanza. Atatuita tukione kwa macho, tupatane bei yake, ndipo kiandikwe na kufanywa.

Tano, chakula. Mama atapika cha mchana, na hakitahesabiwa katika ujira.

Neno la nne ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo lililotuokoa.

Kazi ilianza mwezi wa Septemba. Siku ya kwanza gari lilileta mchanga, na fundi akaukataa. Dereva akafoka. Fundi akachukua chupa ya kioo, akatia mchanga hata nusu, akajaza maji, akatikisa, akaiweka chini. Baada ya muda mchanga ulitulia chini, na juu yake likakaa tabaka nene la tope. "Mchanga wenye udongo mwingi hivi huila saruji," akasema. Ukarudishwa, tukaletewa wa mtoni ulio safi. Kutikisa chupa hakugharimu senti moja, ndugu msomaji. Kubomoa ukuta ni gharama kubwa.

Aliloweka matofali majini kabla ya kuyajenga, ili yasinyonye maji ya saruji. Alipima ndoo moja ya saruji kwa ndoo sita za mchanga, wala hakukoroga saruji nyingi kuliko iwezayo kutumika kabla haijaanza kuganda. Na kila jioni alimkumbusha Mama kumwagia maji ukuta mpya kwa siku saba, maana saruji ikikaushwa na jua mapema haipati nguvu. Mama aliifanya kazi hiyo kwa bidii kama anayemwagilia bustani ya mchicha.

Siku ya kumi na mbili fundi aliacha kazi akanipigia simu. Alikuwa amekuta kwamba linta za madirisha mawili, yaani zile boriti za juu ya dirisha, zilikuwa za mti, na mchwa wamezila. Kwa nje zilionekana nzima chini ya lipu ya zamani. Nilipofika alinipa msumari, akaniambia nichome. Uliingia kama katika ugali. Mzigo wote wa ukuta wa juu ulikuwa umekalia vumbi.

Nilimpelekea kaka yangu picha kwa simu. Akanijibu upesi: "Fundi anatafuta ulaji huyo." Simlaumu, maana mtu aliye mbali huona fedha tu, haoni mchwa. Nikamsomea neno la nne, nikamweleza habari ya msumari. Fundi alitaka shilingi 40,000 kwa kila linta, yaani 80,000, pamoja na saruji na nondo. Je, zitoke wapi? Mfukoni hapakuwa na ziada.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Wanangu," akasema, "lipu ya ndani itangoja. Kuta za ndani zimenitunza miaka yote hii bila kupambwa. Lakini dirisha likiniangukia usiku, mtakuja kupiga lipu kaburini?" Tukacheka, lakini shauri lilikuwa la kweli. Tukafuta lipu ya ndani, fundi naye akaondoa ujira wake, tukaandika linta mbili za zege. Wote wakatia sahihi, Mama akatia kidole. Zege likamwagwa, na nguzo za kulishikilia zikaachwa siku 14 bila kuguswa.

Kwa upande wa bati nina neno moja la kuwaambia. Dukani msiulize "bati" tu; ulizeni geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, maana namba ikipanda, unene hupungua. Wengi hulipia nene wakabeba nyembamba, kwa sababu rangi ni moja na zote zang'aa.

Sasa nifike kwenye jambo lililotutia hofu. Ukuta uliposimama tulimlipa fundi zile 200,000. Nguzo za linta zilipoondolewa, akafumua paa lote la nyuma. Mama akahamia jikoni na vitu vyake, pamoja na sanduku la marehemu Baba. Jumatatu iliyofuata fundi hakuja. Jumanne hakuja. Simu yake haikupatikana. Mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza dalili za El Niño, nasi tulianza kuona mawingu yakikusanyika jioni. Majirani wakaanza: "Amekwenda huyo. Mafundi ndivyo walivyo." Wengine wakanishauri niwaite sungusungu.

Siku ya Alhamisi nilipanda baiskeli nikaenda kijiji cha pili. Nilimkuta juu ya paa la mtu mwingine, na nyundo mkononi. Sikumpigia kelele mbele ya watu. Nilimwamkia kama kawaida, nikamngoja chini ya mti mpaka aliposhuka.

"Fundi," nikamwambia, "Mama analala jikoni."

Akainamisha kichwa. Kisha akanieleza. Mwenye nyumba ile alimpa fedha yote mwezi wa Aprili kabla ya kazi, naye akailipia ada ya mtoto. Sasa anatishiwa kushitakiwa. Kabla ya hapo alikuwa amemaliza nyumba ya mtu mwingine tangu mwaka uliopita, na mpaka siku ile alikuwa hajalipwa. Kila akienda aambiwa njoo kesho. "Mwalimu," akasema, "mimi natoboa huku ili nizibe kule. Nyumba tatu zanidai, na zote zina watu ndani."

Nilifikiri sana juu ya maneno yale. Kumwacha Mama bila paa lilikuwa kosa lake, wala hakulikana. Walakini niliona jinsi mtu mwenye ufundi mzuri anavyogeuzwa kuwa mkimbiaji. Mmoja amlipa yote mapema, naye huitumia fedha kabla ya kuitolea jasho. Mwingine hamlipi hata baada ya kazi. Katikati ya hao wawili, fundi hulazimika kudaka kila kazi apate chakula cha leo, na kila mwenye nyumba hubaki na ukuta nusu.

Tulipatana upya palepale. Sikumwongeza fedha. Lakini zile 200,000 za paa tuliziugawa mafungu mawili: nusu mbao zikisimama, nusu bati zikipigiliwa, kila fungu kulipwa jioni ileile. Naye aliahidi kufanya kazi ya Mama tangu alfajiri mpaka saa nane mchana kwa siku sita, ndipo aende kule kwingine. Tukaandika katika daftari, nikarudi. Kesho yake, kabla jogoo hajamaliza kuwika, Mama alisikia nyundo. Akampelekea uji, wala hakumwambia neno la kumwumiza. Fundi aliunywa kimya.

Bati la mwisho lilipigiliwa Jumamosi, tarehe 28 Oktoba. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki ya pili ya Novemba, usiku. Asubuhi tulikuta mahali pamoja pamelowa, chini ya kofia ya paa. Tukampigia fundi, akaja siku ileile na misumari yake, akapanda, akatengeneza, akashuka. Hapakuwa na mabishano, kwa sababu shilingi 100,000 zake zilikuwa bado mezani zikimngoja. Mvua ya pili ikapita bila tone. Tulimlipa mbele ya Mama, saa ileile, akatia sahihi ya mwisho. Ule mkanda wa zege ulikuwa ukiyapeleka maji mbali na ukuta, kama alivyosema tangu siku ya kwanza. Lipu ya ndani tuliipiga mwaka uliofuata, na aliyeipiga ni yeye yule.

Basi, kwenu wenye nyumba: mheshimuni fundi wenu kwa kumlipa siku kazi inapoonekana, wala msimpe yote kabla ya kazi mkidhani mnamfanyia wema. Kumpa mtu mwenye shida fedha ambayo hajaitolea jasho ni kumtega. Lakini ikisha kuwa yake, kumwambia njoo kesho ni kumnyang'anya watoto wake chakula. Naye fundi anayelipwa leo halazimiki kukimbilia kazi ya pili kabla hajaimaliza ya kwanza. Na mtu akiwa mbali, mjini au nchi za nje, akatuma fedha, naye asomewe mapatano, ili asimhukumu fundi kwa kitu asichokiona.

Kwenu mafundi: msione haya kumwambia mwenye nyumba, "Hili sijui mpaka nifumue." Hilo ndilo neno la fundi wa kweli. Anayejua yote kabla ya kubomoa atatafuta pa kujificha baadaye. Wekeni nanyi daftari lenu, na msipokee kazi ya tatu kabla ya kumaliza ya kwanza. Vijana wenu walio na ujuzi bila cheti waulizeni VETA, mamlaka ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1994, kwa maana hupima ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti wanaofaulu.

Daftari lile bado liko katika sanduku la Baba. Majirani wawili wamekwisha kuliazima wanakili yale mambo matano, nami sijaombwa kumwandikia yeyote kati yao barua ya madai. Anayetaka kulinakili na aje, kalamu ninayo.